Jinsi ya kusaka kwasari za mbali kwenye data za sarvei za anga: mwongozo kamili

Kwasari za mbali, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa mno, hazijajificha. Picha zake ziko kwenye hifadhidata ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua bila malipo, na nyingine zilipigwa miaka mingi kabla mtu hajazitambua. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba nukta moja iitwayo J0529-4351 ndiyo kwasari inayong'aa kuliko zote zilizowahi kupimwa. Kumbe nukta hiyo ilikuwemo kwenye picha za anga za mwaka 1980. Hata uchambuzi wa kompyuta wa data za Gaia, chombo cha angani cha kupima nyota, uliiona inang'aa mno kuwa kwasari, ukaihesabu kuwa nyota.

Ugumu wa kazi hii uko hapo hapo. Unatafuta nukta moja katikati ya mamilioni ya nukta zinazofanana nayo, kwa hiyo muda wako mwingi hautakwenda kwenye kusaka kwasari, utakwenda kwenye kufukuza nyota. Unazifukuza kundi baada ya kundi, na zile nukta chache zinazogoma kuondoka ndizo unazozitazama kwa karibu.

Nitalenga kwasari zenye mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi nuru yake ilivyonyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu) kati ya 5.7 na 6.5. Nuru yake iliondoka huko ulimwengu ukiwa na umri wa takriban miaka bilioni moja au chini kidogo. Leo una miaka bilioni 13.8. Nimechagua kipande hiki kwa makusudi. Chini kidogo ya 5.7 rangi za kwasari zinalingana mno na za nyota vibete vyekundu, na juu ya 6.5 unahitaji data nyingi za infraredi, yaani nuru yenye wimbi refu kuliko jicho linavyoweza kuona. Kwa anayeanza, hapa katikati ndipo penye nafuu.

Vifaa: kompyuta ya kawaida, programu ya TOPCAT ya kuchezea majedwali makubwa, Aladin ya kutazamia picha, na ukiweza, Python yenye maktaba ya Astropy. Zote ni za bure.

Kabla ya yote: elewa genge

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa linameza gesi. Gesi inapozunguka kuelekea shimoni hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo kwa pamoja. Kwa umbali huo, kwenye picha huonekana nukta tu. Maarten Schmidt ndiye aliyefumbua fumbo hili mwaka 1963, alipogundua kwamba mistari ya ajabu kwenye spektra (nuru iliyotawanywa kwa urefu wa mawimbi) ya kwasari 3C 273 ni ya hidrojeni ya kawaida, ila imesogezwa kwa karibu asilimia 16 kuelekea upande mwekundu.

Mstari unaotuhusu sisi ni Lyman-alfa. Hidrojeni huutoa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, yaani ndani kabisa ya urujuanimno. Ulimwengu unapotanuka, wimbi nalo linanyooshwa. Kanuni ni fupi: zidisha 121.6 kwa moja jumlisha mhamo mwekundu. Kwa mhamo wa 5.7 unapata nanomita 815. Kwa 6 unapata 851. Kwa 6.5, 912. Kwa 7, 973.

Halafu kuna la pili, nalo ndilo linalotupa kazi. Nuru yenye wimbi fupi kuliko Lyman-alfa hukutana njiani na hidrojeni isiyo na chaji, ikamezwa karibu yote. James Gunn na Bruce Peterson walieleza jambo hili mwaka 1965. Matokeo yake ni kwamba spektra ya kwasari ya mbali ina umbo la genge: upande mmoja mwanga, upande wa pili giza, na mpaka kati yao umekatwa kama kwa kisu.

Sasa weka vichujio vya kamera juu ya genge hilo. Kwenye sarvei ya Pan-STARRS1, iliyopiga picha kwa darubini ya mita 1.8 iliyoko Haleakalā, Hawaii, kichujio i kinashika nanomita 690 hadi 820, kichujio z kinashika 820 hadi 920, na kichujio y kinaanzia 920 hadi karibu 1000. Rudi kwenye hesabu ya juu. Mhamo ukiwa 5.7, genge limekaa mpakani mwa i na z. Ukiwa 6.5, linatoka ndani ya z na kuingia y. Kwa hiyo kwasari tunazozisaka zinaonekana kwenye z na y, lakini kwenye i zinapotea au zinafifia kabisa. Wanaofanya kazi hii huziita "zilizodondoka i".

Onyo dogo: herufi z inatumika kwa kichujio na pia kwa mhamo mwekundu, tena mara nyingine ndani ya sentensi moja. Usishangae ukichanganyikiwa, kila mtu hupitia hapo. Katika mwongozo huu z ni kichujio tu.

Hatua ya 1: Chagua eneo na sarvei

Unahitaji data za aina tatu juu ya eneo moja la anga: picha za mwanga wa kawaida zinazofika hadi kwenye z na y, picha za infraredi ya karibu kwenye kichujio J, na picha za infraredi ya kati, yenye mawimbi marefu zaidi.

Kwa aina ya kwanza, Pan-STARRS1 inafaa kuanzia, kwa kuwa inafunika robo tatu ya anga, kuanzia nyuzi 30 kusini mwa ikweta ya anga kwenda kaskazini yote. DESI Legacy Imaging Surveys ina kina zaidi, yaani inaona vitu hafifu zaidi, na ina kitazamaji kizuri cha mtandaoni. Kwa J, tafuta UKIDSS au UHS upande wa kaskazini, na VHS iliyofanywa na darubini ya VISTA upande wa kusini. Kwa infraredi ya kati, chombo cha WISE kilichorushwa Desemba 2009 kilipiga anga nzima, tumia katalogi ya CatWISE2020, na uchukue safu za W1 (mikromita 3.4) na W2 (mikromita 4.6).

Kaa mbali na utepe wa Njia Nyeupe. Nyuzi 20 juu na chini ya utepe huo ziache kabisa: nyota zimesongamana, na vumbi linafanya kila kitu kionekane chekundu.

Anza na eneo dogo, nyuzi za mraba 100 au 200 hivi. Ukiwa na bahati utakuta kwasari moja inayojulikana tayari, na hiyo ndiyo itakuwa mtihani wako.

Hatua ya 2: Toa swali lako la kwanza kwenye hifadhidata

Hifadhidata nyingi zinapokea maswali kwa lugha ya SQL au ndugu yake, ADQL. Usipakue kila kitu. Omba vyanzo vinavyoonekana vizuri kwenye z, kwa uwiano wa ishara na kelele unaozidi 10, vyenye umbo la nukta, na visivyoonekana kwenye g wala r, vichujio vya mawimbi mafupi kuliko i. Sharti hili la mwisho peke yake linafyeka sehemu kubwa ya jedwali, kwa sababu nyota za kawaida na galaksi za karibu zina mwanga wa kutosha kwenye g na r.

Kisha weka rangi. Rangi kwa mwanafalaki ni tofauti ya magnitudo kati ya vichujio viwili, na magnitudo kubwa maana yake ni mwanga hafifu. Kwa Pan-STARRS1, masharti yaliyozaa matunda ni haya: i toa z izidi 2.0, na z toa y iwe chini ya 0.5. Hayo yanafaa hadi mhamo wa 6.2 hivi. Kuelekea 6.5 genge linaanza kula sehemu ya z, hivyo sharti la pili itabidi ulilegeze, na vibete vitaingia kwa wingi zaidi.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo wengi huanguka, mimi nikiwa mmoja wao. Kwasari unayoitaka haionekani kwenye i. Je, jedwali linaandika nini mahali ambapo hakuna kipimo? Pan-STARRS huandika -999. Kompyuta ikitii amri yako ya "i toa z izidi 2.0", itachukua -999, itatoa 20.5, itapata -1019.5, na itaitupa kwasari yako jalalani bila hata kukohoa. Orodha yangu ya kwanza ilitoka safi, ikiwa na vyanzo vichache vya kuvutia, na kila kimoja kilikuwa nyota. Kwasari zilizokuwa zinajulikana hazikuwemo hata moja. Nilipoteza siku nzima nikilaumu masharti ya rangi kabla sijaiona hiyo -999.

Dawa yake: pale ambapo i haipo, weka kikomo cha kina cha sarvei badala yake. Picha zilizojumlishwa za Pan-STARRS1 zinafika takriban magnitudo 23.1 kwenye i. Ukiweka 23.1 mahali pa -999, unaweza kusema kwa uaminifu kwamba "i ni hafifu kuliko 23.1". Lakini angalia kinachofuata: ili i toa z ifike 2.0, z lazima iwe 21.1 au angavu zaidi. Chanzo chenye z ya 21.8 kikikosekana kwenye i hakijakuthibitishia chochote, kwa sababu pengo unaloweza kulipima ni 1.3 tu. Kina cha kichujio unachokosa kitu ndicho kinachoamua utaenda mbali kiasi gani. Watu hutamani z yenye kina, wakasahau kwamba i ndiyo inayowabana.

Hatua ya 3: Jipime kwa kwasari zinazojulikana

Usiguse mgombea yeyote mpya kabla ya hatua hii. Chukua kwasari chache zilizothibitishwa, zipitishe kwenye masharti yako, uone zinatoka upande wa pili. SDSS J1030+0524 iliyotangazwa mwaka 2001 na SDSS J1148+5251 ya mwaka 2003 zinafaa. Mihamo yake ni takriban 6.3 na 6.4. Jina lenyewe linakupa koordinati: J1030+0524 iko kwenye saa 10 na dakika 30, nyuzi 5 na dakika 24 kaskazini. Kwasari za Pan-STARRS huandikwa kwa nyuzi tupu, mfano PSO J036.5078+03.0498. Katalogi ya Milliquas imekusanya karibu kila kwasari iliyochapishwa, kwa hiyo ipakue na uiweke pembeni.

Ikiwa masharti yako yanazikosa hizo, tatizo liko kwenye masharti.

Hatua ya 4: Leta infraredi

Orodha yako sasa inaweza kuwa na mamia au maelfu ya nukta, na karibu zote ni vibete: vibete vyekundu vya aina ya M, na vibete kahawia vya aina ya L na T. Hivi vina ubaridi kiasi kwamba navyo havitoi mwanga wa maana kwenye i. Tofauti ni kwamba mwanga wao unaendelea kupanda kuelekea infraredi, ilhali kwasari ikishapita genge lake husawazika.

Oanisha orodha yako na katalogi ya J kwa nusukipenyo cha sekunde ya tao (sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja) moja hadi moja na nusu. Kwa WISE tumia mbili hadi tatu. TOPCAT inafanya hivyo kwa mibofyo michache. Kisha angalia y toa J. Kwasari nyingi hukaa chini ya 1. Vibete vya L na T huelekea kuvuka hapo.

Ila magnitudo za J kwenye UKIDSS na VHS, na zile za WISE, ziko kwenye mfumo wa Vega, wakati Pan-STARRS iko kwenye mfumo wa AB. Ni kama kulinganisha maili na kilomita. Jumlisha 0.938 kwenye J ya UKIDSS, 2.699 kwenye W1, na 3.339 kwenye W2, ndipo ulinganishe na y.

W1 toa W2 inasaidia pia, na hii kwa desturi huachwa kwenye Vega. Vibete vya M na L vingi huwa karibu na sifuri au juu kidogo, kwasari nyingi huzidi 0.5, na vibete vya T vya baridi zaidi huruka kupita 1 kwa sababu ya methani. Kwa hiyo kuna dirisha la katikati. Lakini WISE inaona kwa ukungu: nukta yake ina upana wa sekunde za tao kama 6. Galaksi iliyo jirani kwa sekunde 4 itamwaga mwanga wake ndani ya W1 ya mgombea wako na kukuharibia hesabu yote. Rangi ya WISE usiiamini mpaka umetazama picha.

Jaribu na redio. Kwasari 1 hivi kati ya 10 hutoa mawimbi makali ya redio, na vibete kwa kawaida havionekani kwenye sarvei za redio. Oanisha na sarvei hizo, kama FIRST, VLASS, LOFAR au RACS. Mgombea mwenye rangi sahihi na redio juu yake, mpeleke mbele ya foleni.

Hatua ya 5: Tazama picha, moja baada ya moja

Hakuna njia ya mkato hapa, na binafsi napenda hatua hii kuliko zote. Pakua vipande vidogo vya picha, sekunde za tao 30 kwa 30 hivi, vya g, r, i, z, y, J, W1 na W2, uvipange kwa mstari. Kwasari halisi ina sura yake: g tupu, r tupu, i tupu au kivuli cha kudhania, kisha kwenye z nukta ya mviringo inatokea pale pale katikati, y ipo, J ipo, na W1 ina doa pana lililotulia juu ya koordinati zile zile.

Laghai nazo zina sura zake. Nukta iliyopo kwenye z peke yake, kali kuliko nyota za jirani, yenye kingo za pembe badala ya kufifia taratibu, ni mwale wa kosmiki uliogonga sensa. Nukta iliyokaa kwenye mstari mmoja na nyota angavu ni mwiba wa mwanga wa nyota hiyo. Doa kubwa lenye tundu katikati ni taswira iliyoakisiwa ndani ya kamera. Nukta iliyorefuka kidogo huenda ni galaksi nyekundu ya karibu.

Kuna laghai moja ya hila zaidi. Pan-STARRS1 ilipiga picha kati ya 2010 na 2014, na vichujio havikupigwa usiku mmoja. Asteroidi inaweza kuwepo usiku wa z na kuwa imekwenda zake usiku wa i. Nyota inayobadilika mwanga inaweza kuwa imefifia mwaka wa i na kuwaka mwaka wa z. Fungua picha za Legacy Surveys za miaka mingine uone kama nukta bado ipo, na mwanga wake ni ule ule.

Ukiwa hapo, pima kama imesogea. Kibete kahawia kinachoenda kwa sekunde ya tao 0.2 kwa mwaka kitakuwa kimehama sekunde 2 ndani ya miaka 10, na jicho linaliona hilo ukibadilisha picha ya zamani na mpya kwenye Aladin. Kwasari haihami. Angalia pia Gaia: ikionyesha mwendo au paralaksi (kuyumba kwa nyota ya karibu Dunia inapozunguka Jua) isiyo na shaka, futa jina. Gaia isipokuwa na chochote usisherehekee, kwa maana kwasari na vibete vya mwanga huu vyote ni hafifu mno kwake.

Hatua ya 6: Panga foleni kwa akili ya hesabu

Tuseme umebaki na wagombea 20. Utamtanguliza nani? Kishawishi ni kumtanguliza yule ambaye rangi zake zinalingana vizuri zaidi na kwasari. Hiyo haitoshi. Timu ya sarvei ya SDSS ilipochapisha hesabu yake ya mwisho mwaka 2016 ilikuwa na kwasari 52 tu zenye mhamo unaozidi 5.7, kutoka zaidi ya robo ya anga nzima. Vibete vya M, kwa upande wao, ndizo nyota nyingi kuliko zote kwenye Njia Nyeupe. Kwa hiyo, hata kama vipimo vya nukta fulani vinalingana na kwasari mara 100 kuliko na nyota, lakini nyota za mwanga na eneo hilo ni nyingi mara 10,000 kuliko kwasari, dau bado ni la nyota. Makosa madogo ya kipimo yanatosha kusukuma kibete kimoja kati ya maelfu hadi ndani ya dirisha lako.

Daniel Mortlock na wenzake walitumia hesabu ya namna hii, ile ya Bayes, kwenye data za UKIDSS, na utafutaji huo ndio uliozaa ULAS J1120+0641 mwaka 2011, kwasari ya kwanza kuvuka mhamo wa 7. Si lazima uandike programu yao upya. Kwa kuanzia, chora rangi moja dhidi ya nyingine, mfano i toa z dhidi ya z toa y, kisha hesabu umbali wa mgombea kutoka kwenye njia ya vibete kwenye mchoro huo wa rangi, ukigawanya kwa kosa la kipimo chake. Wale walio karibu na njia hiyo wapeleke mkiani, hata kama wanapendeza.

Hatua ya 7: Spektra

Kwanza hakikisha haijapimwa tayari. Tafuta kwenye hifadhidata za SIMBAD na NED, Milliquas, spektra za SDSS, na data za DESI zilizotolewa kwa umma Machi 2025. Mara nyingi utakuta mwenzako alishapita.

Kama haijapimwa, utahitaji darubini, na hapo ni ama kuandika ombi la muda ama kuwapelekea orodha yako watafiti walio na muda huo. Orodha inayosomwa ina koordinati, magnitudo pamoja na makosa yake, mfumo wa kila magnitudo, vipande vya picha, na sababu moja iliyoandikwa wazi kwa kila mgombea. Darubini haihitaji kuwa jitu kwa wagombea angavu: J0100+2802, yenye mhamo wa 6.3 na shimo jeusi la takriban mara bilioni 12 ya uzito wa Jua, ilipata spektra yake ya kwanza kwa darubini ya mita 2.4 huko Lijiang, China.

Spektra ikifika, tafuta genge. Ukiliona kwenye nanomita 875, gawa kwa 121.6, upate 7.20, toa moja: mhamo ni 6.20. Chukulia hiyo kama makadirio, kwa sababu hidrojeni imetafuna upande wa Lyman-alfa na nitrojeni iliyo jirani, kwenye 124.0, huchanganyika nayo. Kipimo bora hutoka kwenye mstari wa magnesi wa 279.8, ambao kwa mhamo huo umesogea hadi karibu nanomita 2015, ndani ya infraredi.

Usipoona genge ila mteremko mrefu wenye mabonde mapana ya mvuke wa maji na methani, hicho ni kibete. Kitatokea mara nyingi. Kiandike kwenye jedwali lako pamoja na rangi zake zote, kisha kichore juu ya mchoro wa hatua ya 6 uone kiliponyokea wapi.